Kitabu cha mashine kimepotea: uanze na saiti ya kampuni, maktaba za PDF, video, kasitama kea au akili mnemba?

Kuna kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, hata mimi nimelifanya sana. Mashine inazingua, mtu anashika simu anaandika "mashine ya kufulia haitoi maji" au "inveta inakata mota" (inveta hapa ni kile kifaa kinachodhibiti kasi ya mota), na baada ya dakika arobaini ana video sita, PDF mbili za modeli ambazo siyo yake, na hasira. Kitabu chake kipo mtandaoni, karibu kila mara kipo, ila hakuanza na namba ya modeli na wala hakujua anatafuta kitabu cha aina gani. Sasa kabla sijazilinganisha hizi njia tano tumalizane na hayo mawili kwanza, maana bila hayo hakuna njia bora wala mbaya, zote zitakuzungusha tu.

Kibati kabla ya Google

Namba unayoitaka siyo ile iliyoandikwa mbele kwa herufi za kung'aa, hiyo ni ya kuuzia. Unayoitaka iko kwenye kibati au stika ya mashine yenyewe. Kwenye friji fungua mlango uangalie ukuta wa ndani pembeni, mara nyingi chini karibu na droo za mboga. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, angalia kwenye duara la mlango au nyuma ya kile kifuniko kidogo cha chujio chini. Mashine ya vyombo iko kwenye ukingo wa mlango, oveni ni kwenye fremu ukishafungua mlango. Mota na pampu kibati kiko mgongoni kabisa, shida ni kwamba mara nyingi kimepakwa rangi na mtu aliyekuwa anapendezesha mashine, afu wewe unakaa na msasa unakwangua taratibu kama unachimba mali ya kale.

Usiandike kwa mkono, piga picha. Sifuri na O, moja na I, nane na B, hapo ndo watu wanapopotea.

Kila kampuni ina namna yake ya kuandika na ukiijua inakuokolea muda mwingi. Bosch, Siemens na Neff upande wa vyombo vya nyumbani ni nyumba moja, wanaandika E-Nr, ndo namba ya modeli, na pembeni FD, ndo tarehe ya kutengenezwa. Hiyo FD ina siri ndogo, chukua tarakimu mbili za kwanza ujumlishe 20 unapata mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi, kwa hiyo FD 9505 ni 95 na 20 sawa na 115, yaani 2015, mwezi wa tano. Electrolux, AEG na Zanussi wao wana PNC, tarakimu tisa, na hiyo ndo ya kutafutia, siyo jina. Kenmore, jina la kuuzia la Marekani, haijawahi kutengeneza mashine zake yenyewe, ila tarakimu tatu za kwanza kabla ya nukta zinakwambia nani alitengeneza: 110 ni Whirlpool, 795 ni LG, 253 ni Frigidaire. Kwa hiyo mtu anahangaika na kitabu cha Kenmore wakati mashine ni ya LG tangu kuzaliwa.

Na usiache mkia wa namba. Niliwahi kuagiza pampu ya kutolea maji nikasoma namba mpaka kwenye mkwaju (/), zile tarakimu mbili za mwisho nikaziona urembo, si ni modeli ileile bwana. Pampu ikaja, inaingia vizuri kabisa kwenye nafasi yake, plagi ya umeme haishikani. Kumbe kampuni ilibadilisha katikati ya uzalishaji na zile tarakimu mbili ndo zilikuwa zinasema hivyo. Ikabidi niagize nyingine, na ile ya kwanza ninayo mpaka leo kwenye droo.

Jambo la pili, ujue unatafuta kitabu kipi. Cha mtumiaji kinakwambia ubonyeze nini na usafishe nini. Cha ufungaji kinasema vipimo, nafasi ya hewa, nyaya za kuingizia umeme. Cha fundi ndo chenye utamu, kina hatua za kupima, njia ya kuingia kwenye majaribio yaliyofichwa, thamani za sensa. Afu kuna orodha ya spea yenye ule mchoro wa mashine iliyofumuliwa kila kipande kikaelea na namba yake, na mwisho ramani ya nyaya. Ukimwomba mtu "kitabu" bila kusema kipi utapewa cha mtumiaji, kurasa hamsini, arobaini kati ya hizo ni onyo kwa lugha kumi na mbili.

Saiti ya kampuni dhidi ya maktaba za PDF

Hapa ndo watu wengi wanachagua vibaya kwa sababu wanafikiri jibu ni moja kwa vifaa vyote. Siyo moja. Inategemea mashine ni ya nyumbani au ya kiwandani, na ina umri gani.

Kwa vifaa vya umeme wa viwandani saiti ya kampuni inashinda bila ubishi. Siemens wana Industry Online Support, unabandika namba ya oda inayoanza na 6ES7 au 6SL3 na vinakuja vitabu vyote vya kifaa hicho, vya zamani na vipya, bure. ABB wana maktaba yao iko wazi hivyohivyo, Danfoss nao, Schneider nao. Rockwell kwenye maktaba yao kila kitabu kina namba yenye herufi mbili katikati na ukizijua husumbuki: UM ni cha mtumiaji, IN ni cha ufungaji, RM ni cha rejea, TD ni data za kiufundi. Kwa mfano inveta za PowerFlex 525 kitabu chake ni 520-UM001, andika hivyo tu moja kwa moja. Na cha mtumiaji kwa hawa watu wa viwandani siyo kile cha kitoto, kina orodha ya makosa yote, vigezo vyote (yaani mipangilio ya kifaa), michoro ya nyaya, yaani ni kama cha fundi kabisa.

Faida kubwa ya kuchukua kwa mwenyewe ni toleo. Kitabu cha inveta kinabadilika programu ya ndani ikibadilika, kigezo kinaweza kuongezwa, kingine kikabadilishwa maana, na ukiwa na PDF ya miaka mingi iliyopita uliyoipata kwenye maktaba fulani unaweza ukakaa unatafuta kigezo ambacho kwenye kitabu chako hakipo kabisa. Kwa hiyo angalia toleo la programu kwenye skrini, afu angalia ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Kompyuta pia ni hivyohivyo kwa kampuni kubwa. HP, Dell na Lenovo wanaweka vitabu vya ufundi wazi, skrubu kwa skrubu, hata hujaombwa paswadi.

Sasa ukija kwenye friji na mashine za kufulia mambo yanageuka. Saiti ya kampuni itakupa cha mtumiaji vizuri tu, ila cha fundi wanakificha kwa mafundi wao waliosajiliwa. Na modeli ikishazeeka inaondolewa, saiti inapangwa upya, linki zinakufa. Hapo maktaba za PDF ndo zinaokoa. ManualsLib ni kubwa sana na ina kitu kimoja ninachokipenda, unasoma humohumo kwenye kivinjari na unatafuta neno ndani ya kitabu kabla hujapakua, kwa hiyo unajua mapema kama ndicho. Kwa redio, amplifaya, televisheni na mitambo ya muziki ya zamani Elektrotanya ina vitabu vya fundi vyenye sakiti kamili, ila uvumilie maana ina mtindo wa kukusubirisha kabla faili halijatoka. Internet Archive wao wamekusanya vitabu vingi vilivyoskaniwa na watu, na wana ile Wayback Machine iliyofunguliwa kwa umma 2001, ambayo wengi hawaikumbuki kwa kazi hii: kampuni imekufa, saiti imekufa, lakini unabandika anwani ya zamani ya saiti unarudi nyuma mpaka mwaka ilipokuwa hai, na mara nyingine PDF zenyewe zimehifadhiwa pamoja na kurasa. Siyo mara zote, ila nimewahi kupata kitabu cha kompresa hivyo wakati nilishakata tamaa.

Ubaya wa maktaba ni takataka zilizozizunguka. Ukisachi namba ya modeli unakuta saiti kumi zinasema zinacho, unabofya, zinataka ujisajili, zinataka kadi ya benki "kwa uthibitisho tu", au zinakupa faili la kuinstoli. Kitabu ni PDF. Chochote kinachoishia na exe siyo kitabu, funga ondoka. Njia yangu ni kuiweka namba ndani ya alama za kunukuu na kuongeza filetype:pdf mbele yake, Google inakuletea PDF tupu na nusu ya uchafu unapotea.

Kuna mlango wa pembeni ambao si kampuni wala si maktaba. Kifaa chochote chenye mawasiliano ya redio kilichopita Marekani, ruta, kamera, kengele ya mlango, kidhibiti cha geti, kina FCC ID kwenye stika, yaani namba ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Hiyo namba ukiitafuta kwenye hazina ya FCC unakuta nyaraka alizowasilisha mtengenezaji, mara nyingi kitabu cha mtumiaji na picha za ndani ya kifaa, bodi imefunguliwa kabisa unaona chipu. Sakiti yenyewe huwa wanaomba ifichwe. Lakini kwa kifaa kisicho na jina la maana, kile ambacho saiti yake haijulikani iko wapi, hii ndo njia pekee ya kumjua mtengenezaji halisi.

Video dhidi ya kitabu

Video inashinda kwenye mkono, kitabu kinashinda kwenye namba, hivyo ndo ninavyoligawa hili.

Kuna vitu kitabu hakiwezi kukuonesha. Wapi panabanwa kifuniko bila kuvunja meno ya plastiki, ile waya ya kubana mpira wa mlango wa mashine ya kufulia inatolewaje, unaiinamisha mashine upande gani. Mtu akikuonesha kwa mkono wake sekunde kumi zinatosha, kwenye kitabu ni mchoro wenye mishale minne hujui uanze na upi. Kwa kufungua na kufunga mi naenda video moja kwa moja, sioni aibu.

Tatizo linaanza pale video inapokuwa mganga. Mtu kwenye video alikuwa na mashine inayofanana na yako, ikawa na dalili inayofanana na yako, akabadilisha bodi ikapona. We unaagiza bodi. Kumbe ya kwako ilikuwa chujio limeziba. Kitabu cha fundi kingekwambia pima kwanza hiki, kama ukinzani uko kati ya hapa na hapa endelea, kama sivyo simama. Video haikwambii usimame, inaendelea tu mpaka muziki wa mwisho.

Katikati ya hivi viwili kuna iFixit, na hawa nawasema peke yao kwa sababu wamechukua uzuri wa pande zote. Walianza 2003 kule California, Kyle Wiens na Luke Soules, wanafunzi, mmoja alikuwa anajaribu kutengeneza iBook yake akakosa kitabu popote, ndipo wakaamua kuandika vya kwao. Miongozo yao ina picha kila hatua, zana unazohitaji zimetajwa juu, na chini watu wanaandika walipokwama, na hayo maoni ya chini mara nyingine yana thamani kuliko mwongozo. Mwezi wa tano 2020, katikati ya korona, waliweka hadharani vitabu vya vifaa vya hospitali zaidi ya 13,000 kwa ajili ya mafundi wa vifaa tiba, kwa hiyo kama unashughulika na ventileta au mashine ya usingizi anzia pale. Kwa simu na kompyuta ni namba moja. Kwa friji na mashine za kufulia wapo ila wamepwaya, na vya viwandani usipoteze muda.

Kasitama kea dhidi ya mafundi wenzako

Watu wanawachukia kasitama kea kwa sababu wanawapigia kwa swali ambalo siyo lao. Yule anayepokea simu ana maandishi mbele yake, atakuuliza kama umechomeka plagi, atakuuliza kama umezima na kuwasha. Hana kosa, ndo kazi aliyopewa. Ukimuuliza thamani ya sensa ya joto atakwambia mpigie fundi aliyeidhinishwa. Mpigie kwa mambo matatu ambayo yeye anaweza na wengine hawawezi: waranti kwa siriali namba, kama modeli yako iliitwa irudishwe kwa hitilafu ya kiwandani, na namba ya spea mpya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani. Hilo la tatu hasa, maana namba za spea zinabadilishwa kila wakati na PDF yako haijui.

Na ukiandika barua pepe badala ya kupiga, tuma picha ya kibati, picha ya kosa kwenye skrini, na sentensi moja ya lini linatokea. Siyo hadithi. "Inakata baada ya sekunde tano ikianza kuzunguka kwa kasi, kosa OE" inajibiwa, aya tatu za malalamiko zinajibiwa na pole.

Kwa viwandani ni dunia nyingine kabisa. Tiketi ya msaada kwa kampuni kubwa za inveta na PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mtambo) inajibiwa na injinia, mtu anayejua, ila atakutaka uwe na siriali, toleo la programu, na faili la vigezo umelitoa tayari. Usipokuwa navyo utazunguka barua nne kabla hajaanza kukusaidia. Kuna wengine msaada wa undani unauzwa kwa mkataba na hapo huna ujanja.

Makundi ya mafundi yao ni silaha tofauti. Yanajua magonjwa ya modeli. Kampuni haitakwambia kwamba modeli hii relei yake inaungua kila mara pini zikilegea, fundi aliyeshaifungua mara ishirini atakwambia kwa mstari mmoja. Hasara ni kwamba hujui anayejibu ni nani, kuna anayejua na kuna anayependa kujibu, na hao wa pili ni wengi. Kipimo changu ni hiki, mtu anayekuuliza swali kabla ya kukupa jibu, msikilize. Anayekwambia "badilisha bodi" hujamaliza hata kueleza, mshukuru endelea mbele.

Kwa Ulaya sheria zimeanza kusukuma hili. Tangu 1 Machi 2021 anayeuza mashine za kufulia kwenye Umoja wa Ulaya lazima spea zipatikane angalau miaka 10 baada ya modeli kutoka sokoni, friji angalau miaka 7, na taarifa za ufundi wapewe mafundi wa kitaaluma hata wasio wa kampuni. Soma hilo neno la kitaaluma vizuri, mtu wa nyumbani hajapewa kila kitu, baadhi ya spea tu. Lakini linasaidia hata aliye mbali, kwa sababu modeli ikishauzwa na huko basi spea na michoro yake ipo mahali, kazi inabaki kuifuata.

Akili mnemba, mtoto mpya

Siku hizi swali linaenda kwanza kwa chatiboti. Mi natumia, ila kwa namna moja tu.

Ukimuuliza kwa kichwa chake, kosa fulani kwenye mashine fulani maana yake nini, atakujibu kwa ujasiri uleule akiwa anajua na akiwa anabuni. Na makosa ya mashine ndo mahali pabaya kabisa pa kubuni kwa sababu kila kampuni ina lugha yake. Angalia kutotoa maji tu: LG wanaandika OE, Samsung ni 5E au 5C, Electrolux E20, Bosch E18. Kiwandani ndo balaa zaidi, mota kuvuja umeme kwenda ardhini kwa inveta ya Danfoss VLT ni alamu 14, kwa PowerFlex 525 ni F013, kwa ABB ACS580 ni 2330. Ugonjwa mmoja, majina matatu. Chatiboti iliyosoma yote hayo kwa pamoja inaweza kukupa maana ya kampuni moja kwa mashine ya nyingine na usijue, maana sentensi imenyooka.

Lakini mpe PDF. Pakua kitabu mwenyewe, mpe, mwambie ajibu kutoka humo tu na akutajie ukurasa. Hapo anakuwa msaidizi wa maana sana, hasa kitabu kikiwa kurasa mia nne, au kikiwa cha Kijerumani au Kichina na wewe hujui hata salamu. Ukurasa anaokutajia ufungue uone kwa macho yako. Na namba za kukaza bolti, shinikizo la gesi, volti za kupimia, hizo usizichukue kwake hata akikupigia magoti, zichukue kwenye kitabu.

Kwa hiyo yeye si mshindani wa saiti ya kampuni, anakaa juu yake. Bila kitabu hana msaada.

Umeme hausomi kitabu

Nitasema haya kwa ufupi kwa sababu hakuna hata njia moja kati ya hizo itakayokulinda usiposoma ukurasa wa usalama ambao wote tunauruka. Maikrowevu ndani ina transfoma inayotoa volti 2,000 hivi na kapasita inayobaki na umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako. Inveta inayokula volti 400 ina kama volti 565 za DC ndani na zinabaki baada ya kuzima, kitabu chake kitakwambia usubiri dakika ngapi na kisha upime, nyingi ni dakika tano, kubwa zaidi ya hapo. Video nyingi zinakata hapo kwenye kusubiri ili zisiwe ndefu. Hiyo peke yake ni sababu ya kuwa na kitabu hata kama unafuata video.

Kwa hali yako, uanzie wapi

Mashine ya nyumbani, bado ni mpya, ina waranti: kasitama kea, usifungue hata skrubu moja. Ina miaka na waranti imeisha: kibati, afu cha mtumiaji kwenye saiti ya kampuni uangalie jedwali la makosa mwishoni, maana nusu ya matatizo ni chujio, mpira au mlango na yamo mle. Ikishindikana tafuta cha fundi kwenye maktaba, na video ya kufungulia. Ila kabla ya hayo yote kwa mashine za Kimarekani za kufulia na kukaushia, angalia ndani ya mashine yenyewe. Whirlpool na ndugu zake wana tabia ya kukunja karatasi ya fundi na kuichomeka nyuma ya paneli ya vitufe au nyuma ya kibao cha chini. Ina ramani ya nyaya, makosa yote na namna ya kuingia kwenye majaribio. Watu wanatafuta mtandaoni wiki nzima kitu kilichokuwa sentimita thelathini kutoka kwenye goti lao.

Kiwandani, inveta, PLC, sensa, pampu ya jina: saiti ya kampuni, usizunguke, na hifadhi PDF kwako siku hiyohiyo pamoja na nakala ya vigezo. Mashine mpya ndo unainunua? Hapo ndo wakati wa kudai, siyo ikishaharibika. Andika kwenye oda kwamba unataka cha fundi, orodha ya spea, ramani ya nyaya na nakala ya programu ya PLC, na malipo ya mwisho yasitoke kabla havijafika. Kanuni mpya ya mashine ya Umoja wa Ulaya, 2023/1230, inaanza kutumika 20 Januari 2027 na inaruhusu maelekezo yawe ya kidijitali tu, mtandaoni, kwa angalau miaka 10, ila ukiomba karatasi wakati wa kununua wanakupa bila malipo. Mi ningeomba. Karatasi haihitaji intaneti saa nane usiku mtambo umesimama.

Imebaki ile ngumu kuliko zote, mashine isiyo na kibati, kampuni haijulikani, au fundi wa zamani aliichomea mwenyewe. Hapo hakuna kitabu cha mashine nzima na ukiendelea kukitafuta unajichosha, tafuta vitabu vya vipande. Mota ina kibati chake, na hata kikiwa kimekwanguka pima urefu kutoka sakafu ya miguu mpaka katikati ya shafti, kwa mota za kipimo cha IEC (kile cha kimataifa) milimita 90 ni fremu ya 90, milimita 132 ni fremu ya 132, na mota ya mtengenezaji mwingine yeyote ya fremu hiyo, herufi ileile ya urefu (S, M au L) na aina hiyo ya kufungia itakaa kwenye matundu yaleyale, ukiishalinganisha na kipenyo cha shafti. Giboksi ina kibati. Inveta ina kibati. Mkanda una namba mgongoni. Beringi imeandikwa ubavuni, 6205 ni ya shafti ya milimita 25, upande wa nje 52, unene 15, haijalishi aliyeitengeneza ni nani wala iko kwenye mashine gani, na mpira wa pembeni ukisomeka 2RS ujue imefunikwa pande zote mbili, haihitaji grisi.